Ukishikwa mkono au kupigwa roba: namna ya kujinasua

Msikilizaji, tangu tulipozungumzia usalama wa akinamama wanaorudi jioni kutoka mnadani, swali linalokuja zaidi kwa ujumbe wa simu ni hili: mtu akishakukamata, ufanyeje? Redioni ni vigumu kuonyesha kwa mikono, ndiyo maana tumeyaandika hapa uyasome taratibu.

Tuelewane kwanza kwamba hutafuti kumshinda mtu. Unatafuta sekunde mbili tatu za kukimbilia palipo na watu.

Tuanze na mkono. Ukishikwa juu kidogo ya kiganja, wengi wetu huvuta kurudi nyuma. Hapo mnashindana nguvu, na mwenye mwili mkubwa ndiye atakayeshinda. Tazama mkono uliokushika: vidole vinne viko upande mmoja, kidole gumba kiko upande wa pili peke yake. Pale gumba linapokutana na ncha za vidole pana mwanya. Kunja ngumi, zungusha mkono wako mpaka ubavu wake mwembamba uelekee kwenye mwanya huo. Kisha, badala ya kurudi nyuma, piga hatua moja kumwelekea, kunja kiwiko chako kielekee chake, na chomoa kwa ghafla. Ukifanya sawasawa utashangaa, maana hata mtoto wa darasa la sita anaweza kujinasua kwa mtu mzima.

Akitumia mikono yake miwili kushika mkono wako mmoja, pitisha mkono wako ulio huru katikati ya mikono yake, shika ngumi yako mwenyewe, uivute juu kuelekea begani kwako.

Roba ni hatari zaidi. Shingo ikibanwa barabara, mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi, kwa hiyo usipoteze muda kupapasa nyuma kutafuta uso wake. Shusha kidevu na ukigeuze kuelekea kwenye mkunjo wa kiwiko chake, upate nafasi ya kupumua. Ning'inia kwenye mkono wake kwa mikono yako yote miwili, uuvute chini. Mkanyage vidole vya mguu kwa kisigino, mpige kiwiko cha mbavu, halafu jipinde utoke. Na hata ukijiona mzima, nenda kituo cha afya, kwa sababu koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Ukikumbatiwa kwa nyuma, tanua miguu na ushuke kama unayetaka kukaa chini. Mwili unaoshuka ni mzito kuubeba. Shika kidole chake kimoja, kimoja tu, ukikunje kwa nyuma.

Halafu kuna sauti. Vijijini kwetu watu wakiona mwanamume anamvuta mwanamke, wengi hupita wakidhani ni ugomvi wa mke na mume. Kilio peke yake hakitoshi. Sema maneno: "Niache! Simjui huyu! Nisaidieni!" Na kama unamjua, mtaje jina kwa sauti kubwa. Anayekushika mara nyingi ni mtu unayemfahamu, na aibu ya kumpigia kelele ndiyo anayoitegemea.

Mbinu hizi hazichagui umri. Huko Korogocho, Nairobi, bibi wazee wamekuwa wakifanya mazoezi ya kujihami, kupiga kelele ikiwa ni sehemu ya somo. Wewe fanya na dada au rafiki unayemwamini, polepole, mara kumi kila mkono. Ya shingo msibanane kweli.

Mwenye panga au kisu akitaka simu, mpe. Mbinu za hapa si za silaha.

Ukiwa umebakwa, usioge wala kufua nguo ulizovaa, na ufike hospitali haraka iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Hapa Tanzania, polisi hutoa fomu namba tatu, PF3, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria inakuruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo; akishakuachia, kumrudia na kumpiga ni kesi nyingine. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto ni 116, ambayo haikatwi salio.