Sekunde tano za miwa na nati: Ipe chaneli yako sura ya Ramisi

Tuseme uko Ramisi na umeanzisha chaneli ya kufundisha watu kutengeneza pikipiki. Somo liko poa, sauti inasikika, spana inaonekana vizuri. Lakini video inafunguka kwa ule moto wa bluu unaozunguka jina, ulioupakua bure mtandaoni. Chaneli nyingi zinautumia uleule, kwa hivyo mtazamaji hajui kama wewe ni fundi wa Kwale au wa Manila.

Dawa yake huhitaji kuinunua. Unaweza kutengeneza katuni yako mwenyewe kwa kupiga picha moja moja, kazi ambayo wenyewe huiita stopu-mosheni. Unaweka kitu mezani, unapiga picha, unakisogeza kidogo, unapiga tena. Picha zikipita haraka, jicho linaamini kitu kinatembea.

Usidhani lazima uwe na studio. Mjerumani Lotte Reiniger alitumia mkasi, karatasi nyeusi na taa, akatoa The Adventures of Prince Achmed mwaka 1926, filamu iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Ndiyo katuni ndefu kongwe zaidi iliyosalia duniani. Yeye alihitaji miaka mitatu. Wewe unahitaji alasiri moja.

Anza na hesabu. Sinema hutumia picha 24 kwa sekunde, lakini 12 zinatosha kabisa. Sekunde tano ni picha 60. Sekunde ya mwisho iache jina likiwa limetulia ili watu walisome: piga picha moja, uirudie mara 12. Zimebaki 48 za kusogeza vitu. Ukitumia dakika moja kwa kila picha, hiyo haifiki hata saa moja.

Sasa hadithi. Ramisi inajulikana kwa miwa. Kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka 1988, lakini mashamba yalikuja kupandwa tena na trekta za miwa si kitu kigeni kwako. Basi changanya muwa na vyuma vya gereji. Sekunde ya kwanza, visahani viwili vya muwa vinaingia vikizunguka, kimoja kushoto, kimoja kulia: hayo ni magurudumu. Ya pili, bolti zinajipanga kuwa fremu. Ya tatu, cheni inatambaa kama nyoka na kuzunguka gurudumu la nyuma. Ya nne, spana inasukuma kipande cha katoni chenye jina la chaneli. Ya tano, kila kitu kimetulia. Mtu akiona hayo, ameshajua unafundisha nini na unatoka wapi.

Upigaji wenyewe una masharti yake. Panga matofali pande mbili, weka ubao juu, simu ilale juu ya ubao kamera ikitazama chini, uifunge kwa selotepu. Simu ikiyumba, katuni nzima inayumba. Weka hali ya ndege, maana ujumbe mmoja wa M-Pesa ukitetemesha simu katikati ya kazi ni noma. Kwenye simu nyingi, kitufe cha sauti cha earphone kinapiga picha bila wewe kugusa kioo. Programu ya Stop Motion Studio ina toleo la bure, na inakuonyesha kivuli cha picha iliyotangulia ili ujue umesogeza kiasi gani.

Adui mkubwa ni mwanga. Mawingu ya baharini hayatulii, na kila likipita moja, picha inabadilika na katuni inapepesa. Funga dirisha, tundika leso nzito mlangoni, utumie taa ya stima. Kisha bonyeza kioo cha simu na ushikilie hadi mwanga na fokasi vifungwe. Hata shati lako jeupe linaakisi mwanga mezani; vaa nguo ya rangi iliyoiva na usimame palepale kila mara.

Kusogeza nako kuna siri. Kitu hakianzi kwa kasi. Picha za kwanza sogeza milimita tatu, halafu tano, halafu sentimita moja, katikati sentimita mbili, na kikikaribia kusimama upunguze tena. Ukisogeza sawasawa mwanzo hadi mwisho, gurudumu litaonekana linavutwa kwa uzi.

Na muwa usiuchelewe. Ukishakatwa, sura yake hugeuka kahawia, na sisimizi hawasubiri mwaliko. Pakaza maji ya ndimu, weka visahani vya akiba, na upige sehemu za muwa kwanza.

Kuhusu muziki, achana na wimbo wa msanii mkubwa. Mfumo wa YouTube huutambua, na mapato ya video yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Kama kuna mzee jirani anayepuliza chivoti, filimbi ya Wadigo, mwombe sekunde tano, elewaneni malipo na mwandikiane. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda yeye pia. Au gonga nati juu ya rimu. Huo tayari ni mdundo.

Mwisho, usiweke katuni mwanzo kabisa. Kwanza sema somo la leo ni nini, halafu ndiyo ije. Mtazamaji amelipia bando, na wewe unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ili ulipwe sehemu ya matangazo ya video zako. Anayeondoka kwenye utangulizi anaondoka na dakika zake. Ndiyo maana ni sekunde tano, si kumi na tano.

Betri ijae kabla stima haijapotea. Haya, kazi kwako.