Resho imekatika: juu ya nini uzi wa shaba si dawa

Uzi wa resho ya umeme ukikatika, wengine wanatafuta kipande cha uzi wa shaba, wanaunganisha na koleo, wanachomeka tena. Kwa macho, uzi ni uzi. Lakini ile rezistansi inayowaka nyekundu na shaba iliyo ndani ya waya za nyumba zina tabia mbili zinazopingana kabisa. Kuzichanganya kunaweza kuunguza nyumba.

Shaba: njia ya umeme

Hapa shaba si mgeni. Kutoka 1971 mpaka 1997 Katanga nzima iliitwa Shaba, na mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021, uko katika teritware ya Mutshatsha. Kati ya metali zote, ni fedha tu inayopitisha umeme vizuri kuliko shaba.

Lakini lazima shaba iwe safi. Ndiyo sababu zile katodi zinazobebwa na makamiyo kwenda Kasumbalesa zinasafishwa mpaka asilimia 99,99. Metali ingine ikiingia ndani, hata kidogo, umeme unaanza kupita kwa taabu.

Nikeli: kizuizi cha umeme

Nikeli ni metali nyeupe, ngumu. Iko kwa majirani: Zambia wanaichimba upande wa Kalumbila, na Burundi iko nayo Musongati. Shaba inayeyuka kwa digrii 1 085, nikeli kwa digrii 1 455. Nikeli peke yake inazuia umeme mara 4 hivi kuliko shaba.

Sasa, ukizichanganya karibu nusu kwa nusu, mtu atafikiri matokeo yatakuwa katikati. Hapana. Mchanganyiko unaoitwa konstantani, shaba 55 na nikeli 45 kwa mia, unazuia umeme karibu mara 30 kuliko shaba, na mara 7 kuliko nikeli yenyewe.

Iko namna hii: ndani ya metali safi, chembe zimepangwa kwa mstari, umeme unapita sawa kinga kwenye lami. Ukitia chembe za aina ingine, mpango unavurugika. Njia inakuwa sawa ile ya Kolwezi kwenda Dilolo wakati wa mvua: kila hatua ni shimo, nguvu inapotea njiani. Nguvu ya umeme inayopotea vile inageuka joto.

Joto lile ndilo linatafutwa kwenye resho. Uzi wake mara nyingi ni nikromu, nikeli 80 na kromu 20 kwa mia. Unazuia umeme zaidi ya mara 60 kuliko shaba. Ukiwaka, kromu inaufunika kwa ngozi nyembamba inayoulinda. Shaba ikipata joto vile inakuwa nyeusi, inabambuka, inakatika.

Hesabu ya hatari

Resho ya wati 1 000 kwenye umeme wa volti 220 inavuta ampea 4 na nusu. Rezistansi yake ni omu 48 hivi. Ukiweka uzi wa shaba wa urefu ule ule na unene ule ule, haitafika hata omu 1. Umeme utataka kupita kwa ampea karibu 290, na waya nyingi za nyumba hazikufanywa kubeba hata 30.

Hata kipande kifupi cha kuunga si salama. Sehemu ya nikromu iliyobaki inakuwa fupi, inavuta umeme mwingi, na shaba inaharibika pale kwenye kiungo. Ubaya unazidi pale fizibli ya nyumba nayo imebadilishwa kwa uzi mnene wa shaba. Hapo hakuna tena kitu cha kukata umeme. Waya ndani ya ukuta ndizo zitaungua.

Namna ya kuzitambua

Rangi inadanganya. Sarafu ya Marekani ya senti 5 ni nyeupe, lakini robo tatu yake ni shaba. Robo moja ya nikeli inatosha kuficha wekundu wote. Sumaku nayo haisaidii: inavuta nikeli safi, lakini haivuti shaba, wala konstantani, wala nikromu.

Kinachosaidia ni kipimo cha omu cha fundi. Chomoa resho kwanza, iache ipoe, kisha pima kwenye miguu miwili ya plagi. Kwa resho ya wati 1 000, namba iwe karibu na 48. Ya wati 2 000, karibu na 24. Namba ikiwa karibu na sifuri, usiichomeke. Rezistansi iliyokatika inabadilishwa kwa rezistansi ya wati zile zile, na fizibli kwa fizibli ya ampea zile zile. Shaba ibaki kwenye waya, pale kazi yake ni kupitisha umeme bila kupata moto.