Mfungaji anapokabidhiwa usukani wa timu ya vikapu

KIJANA aliyekuwa mfungaji hodari wa vikapu katika shule ya upili mjini Kitale anapojiunga na Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, huenda kocha akampa kazi asiyoizoea: kuelekeza mchezo.

Hiyo ndiyo nafasi ya pointi gadi, nambari 1. Ana sekunde 8 kuvusha mpira hadi nusu ya wapinzani, na timu ina 24 pekee kukamilisha shambulizi. Akiinamia mpira anaoudunda, muda humponyoka kabla hajamwona mwenzake aliyeachwa wazi. Wengi hukwama hapo, tena si kwa uzito wa miguu bali kwa mazoea ya kukitazama kikapu kwanza.

Russell Westbrook aliyapitia hayo. Katika chuo cha UCLA, Marekani, pointi gadi alikuwa Darren Collison. Westbrook alisifika zaidi kwa ukabaji. Alipoingia NBA mwaka 2008 alikabidhiwa usukani, na msimu huo alipoteza mipira mingi mno. Baadaye aliongoza ligi hiyo kwa pasi za kufungisha katika misimu 3.

Kocha asiyevumilia makosa ya miezi ya kwanza humrudisha kijana pembeni, akaendelee kufunga tu.