Sifuri nukta moja tisa

Nilikwenda kijiji cha Mgwashi kuuliza bei ya majani mabichi ya chai, nikarudi na namba. Ilikuwa kwa penseli, kwenye daftari la mistari lililoachwa wazi barazani kwa mama mmoja: 0.19. Chini yake mstari, chini ya mstari "1 – H". Pembeni saa zimepangwa wima: 2, 24, 48, 96.

Mwenye daftari ni mwanawe, mtaalamu wa fizikia ya tiba mjini Dar es Salaam, aliyekuja likizo. Nilidhani ni hesabu za dukani. Akacheka. Ni uboho, akasema. Anajifunza kukadiria mionzi inayoufikia.

Riziki yake ni madini joto yenye mionzi, yale wanayomezeshwa wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo. Daftari lilihusu jambo jingine: kingamwili iliyobebeshwa mionzi kuwinda saratani ya mitoki. Marekani iliidhinisha dawa mbili za aina hiyo, Zevalin mwaka 2002 na Bexxar mwaka 2003; Bexxar ikaondoka sokoni mwaka 2014. Kabla kingamwili haijanasa chembe mbaya, huzunguka na damu kwa siku kadhaa, na damu haikosi kupita ubohoni. Uboho ukiumia, chembe sahani, zile za kugandisha damu, hushuka wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshasahau sindano.

Nani atamtoboa mtu mfupa kila siku apime? Kwa hiyo hutolewa damu, mililita chache kila saa iliyopangwa, mionzi yake ikahesabiwa, ukachorwa mstari unaoteremka. Kisha ndipo inaingia 0.19.

Hapo nikakwama. Mama alikuwa anachambua maharage. Mwanawe akachota, akajaza glasi, akamimina chai ya rangi taratibu hadi ukingoni. Maharage ni chembe, akasema, chai ndiyo dawa: haiingii ndani ya punje, inakaa kwenye nafasi. Katika uboho mwekundu nafasi hizo zinakadiriwa kuwa sehemu 19 kwa 100. H nayo ni kiasi cha chembe ndani ya damu; 1 – H ni nafasi iliyobaki, na 0.19 hugawanywa kwa hiyo. Akamwaga nusu ya maharage, akaongeza chai. Huyu sasa ana upungufu wa damu, akasema.

Tukapiga hesabu pamoja. Mwenye H ya 0.45, uboho wake unapata kama 0.35 ya kilichomo katika damu. Mwenye 0.30, ni 0.27 tu. Ukimpa wa pili namba ya wa kwanza, umekadiria dozi ya uboho wake kupita kiasi kwa zaidi ya robo, na huenda ukamnyima dawa aliyostahili. Kwetu, ambako malaria na minyoo vinakula damu za watu, sikuiona kuwa tofauti ndogo.

Lakini yeye mwenyewe hakuipamba. Kanuni hiyo inashika tu iwapo dawa haina cha kunasa ubohoni, na saratani ya mitoki hupenda kujificha humo humo. Bexxar yenyewe ilipimwa kwa dozi ya mwili mzima, grei 0.75, ikishushwa hadi 0.65 chembe sahani zikiwa pungufu. Zevalin ilitolewa kwa uzito wa mgonjwa: milikuri 0.4 kwa kilo, au 0.3. Na watafiti walipolinganisha, dozi ya uboho iliyokokotolewa haikutabiri vizuri nani chembe sahani zake zitaporomoka. Mionzi ileile, akasema, uboho mmoja umechoshwa na kemo na mwingine haujawahi kuguswa.

Basi kwa nini anahangaika? Akasema hata kwenye madini joto wanaegemea damu: tangu mwaka 1962, Benua na wenzake wa New York walipoweka kikomo cha grei 2 kwa damu, uboho unalindwa kwa kupitia jirani yake. Nilimuuliza kama jirani anatosha kuwa shahidi. Alizungusha penseli, hakujibu.

Nikauliza saa ipi ina uzito zaidi. Ya 96, akasema. Ukiikosa, mkia wa mstari unauchora kwa kubahatisha.

Mama, ambaye nilidhani hasikilizi, akainua uso kutoka kwenye ungo.

"Sasa baba, huyo wa kutoka huku, siku nne zote hizo atalala wapi?"

Mwanawe aliiangalia ile 96 kwa muda. Kisha akaanza kuokota maharage yaliyolowa, moja moja, akiyarudisha ungoni.