Mawimbi ya Mita Kumi

Mwanafunzi wa mtaa wa Kibenga aliyeishiwa kifurushi cha intaneti bado anaweza kumpa mwenzake mhadhara mzima uliorekodiwa, kwa Bluetooth, bila kutoa hata faranga moja. Wengi tunalifanya hilo kwa mazoea. Msingi wake ulithibitishwa Ujerumani miaka ya 1880, cheche ya umeme ilipoonekana kuamsha cheche nyingine upande wa pili wa chumba, pasipo waya wowote kati yao.

Bluetooth, na Wi-Fi kwa sehemu, hupita kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Marekani iliyafungulia mlango masafa hayo mwaka 1985 yatumike bila leseni, nchi nyingine zikafuata. Lakini penye wasemaji wengi nani atasikika? Dawa ilikuwa kurukaruka. Bluetooth ya kawaida ina njia 79, na huhama kutoka moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Vifaa viwili vilivyounganishwa huhama pamoja. Wazo hilo lilipewa hataza mwaka 1942, katikati ya vita, ili adui asivuruge makombora ya majini yanayoongozwa kwa redio. Leo linabeba kwaya na mahubiri.

Nguvu ya Bluetooth ni ndogo, mara nyingi miliwati chache tu, ndiyo maana kwenye simu nyingi haifiki mbali zaidi ya mita kumi hivi. Maji huyanyonya mawimbi haya, na mwili wetu ni maji kwa sehemu kubwa: weka simu mfuko wa nyuma, spika mbele yako, usikie sauti ikikatakata. Mvuvi wa samaki wa mukeke anayefunga simu ndani ya plastiki hapotezi chochote. Ikizama ziwani, hata sentimita chache za maji zinaweza kuinyamazisha.

Kwa picha au sauti fupi, Bluetooth inatosha. Filamu ya megabaiti 700 itachukua karibu saa nzima. Hapo heri Wi-Fi ya simu kwa simu, inayomaliza kwa dakika chache na haili kifurushi. Usiichanganye na hotspoti: mwenzako akiingia mtandaoni kupitia kwako, kifurushi kinacholiwa ni chako.

Kina mama huuliza kuhusu afya ya watoto. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei, ingawa utafiti kuhusu matumizi ya simu ya miaka mingi unaendelea. Mimi ninahofia zaidi wizi. Simu hiyohiyo ndiyo inayotunza pesa za duka la samaki wa ndagala, kwa hiyo zima Bluetooth usipoihitaji, kataa ombi la kifaa usichokijua, na programu uliyotumiwa na mtu usiyemfahamu usiifungue, hata kama ameipa jina la wimbo unaoupenda.