Nani Ameiba Unga?

Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anashika mtu wa hadithi na kusema atafanya nini. Pasipo hakika, dadu inaamua. Hakuna mshindi.

Nyumbani tunaweza kuucheza kwa mdomo, kwa dadu moja tu, usiku baada ya kula.

Tuwaambie watoto: unga wa kijiji umeibiwa, watu wanalisingizia joka la mlimani. Ninyi mchunguze. Tuweke alama tatu, maana moja wataipita na nyingine wataisoma vibaya: nyayo ndogo, unga uliomwagika njiani, moshi kwenye nyumba ya yatima. Mwishoni wanamkuta msichana akiwapikia wadogo zake wagonjwa. Na chifu ameapa kumfukuza mwizi.

Wakisema ukweli, msichana anafukuzwa. Wakinyamaza, joka lisilo na kosa litauawa. Hapo sisi wamama tunataka kutoa jibu haraka. Tujizuie, tuulize: "Kwa nini?" Kisha hadithi ifuate uamuzi wao pamoja na matokeo yake, bila kuwagombeza. Mmoja akileta njia ya tatu, kama kumwombea msichana kwa chifu, tuipokee. Dadu iseme kama chifu amesikia.

Mtoto wa kuamrishwa tu hutii mama akiwepo. Aliyezoea kupima atajipimia hata akiwa peke yake barabarani.