Upepo wa Tairi na Joto la Safari

Gari liendapo barabarani, chuma chake hakigusi lami hata kidogo. Uzito wote, pamoja na abiria na mizigo, huchukuliwa na hewa iliyofungiwa katika matairi. Robert William Thomson, Mskochi, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845. Lakini aliyelieneza kuanzia mwaka 1888 ni John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa mjini Belfast.

Kazi ya hewa hiyo yaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Gurudumu la gari dogo likibeba kilo 400, na upepo ukiwa ratili 32 kwa inchi ya mraba, sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama sentimita za mraba 180 tu, yaani ukubwa wa kiganja pamoja na vidole vyake. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyolishika gari wakati wa kufunga breki na kukata kona.

Upepo ukizidi, tairi hutuna katikati: sehemu inayoshika barabara hupungua, na mpira huliwa katikati. Upepo ukipungua, mpira huliwa pembeni. Lakini hatari kubwa zaidi ni joto. Mtu akikunja waya huku na huku kwa haraka, waya hupata moto pale unapokunjwa. Ndivyo ilivyo kwa tairi lenye upepo haba: kuta zake hujikunja na kujikunjua kila gurudumu lizungukapo. Joto hilo hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi zilizomo ndani yake, na mwisho tairi huweza kupasuka gari likiwa katika mwendo mkali.

Hapa ndipo madereva wengi hukosea. Hewa iliyofungiwa mahali pamoja huongeza kani yake kadiri ipatavyo joto. Katika tairi la gari dogo, ongezeko hilo ni kama ratili 1 kwa kila nyuzi 6 za Sentigredi. Tuseme dereva ameondoka Dar es Salaam alfajiri, matairi yakiwa na ratili 32 katika joto la nyuzi 27. Baada ya mwendo mrefu juani, hewa ya ndani ikafikia nyuzi 57, na kipimo kikaonyesha karibu ratili 37. Dereva akidhani kwamba upepo umezidi, akaupunguza mpaka 32, hajasahihisha kitu. Tairi likipoa usiku litabaki na ratili 28 hivi, na kesho yake litajikunja na kupata moto zaidi kuliko jana.

Kwa hiyo yafaa upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, angalau mara moja kwa mwezi, na tairi la akiba lisisahauliwe. Kiasi kinachotakiwa huandikwa na watengenezaji wa gari katika kitabu chake, na mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Aghalabu huwa kikubwa zaidi gari likijaa mizigo. Kulipiga tairi teke, au kulitazama kwa macho, si kupima. Kipimo kidogo cha mkononi hutosha, na kazi yenyewe haimalizi dakika kumi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa tairi ukipasuka barabarani, hakuna nafasi ya kuujenga upya.